Je, idara yako iende wiki ya siku nne? Mwongozo kamili kwa wakuu wa idara vyuoni Bagamoyo

Wazo la kupunguza siku za kazi limeshafika kwenye vyuo vyetu vya Bagamoyo, na mara nyingi linaingia kupitia siku ya Ijumaa. Mkufunzi anayekaa Tegeta au Bunju ameamka alfajiri siku tano mfululizo kuwahi daladala. Ijumaa ikifika saa sita mchana wengi wanaelekea msikitini, kipindi cha alasiri kina wanafunzi wachache, na mtu anauliza kwenye kikao: hii siku si tuifunge tu?

Swali ni halali na linastahili jibu la kina. Tatizo ni kwamba hujibiwa kwa kunyoosha mikono, na wanaonyoosha mikono ni wahadhiri. Kazi ya siku ya tano haifutiki kwa kura. Itamwangukia mtu: katibu muhtasi, fundi wa maabara, mhadhiri wa muda, au mwanafunzi aliyekuja kufuata mhuri akakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo katika kila hatua iliyoko hapa chini nitakurudisha kwenye jambo moja, kwamba kabla ya kujua idara itapata nini, ujue kazi ya siku iliyoondolewa itabebwa na nani.

Hatua ya 1: Semeni hasa mnataka nini

Watu wawili wanaweza kuunga mkono "wiki fupi" huku kila mmoja akiwa na picha yake. Kuna walau mipango minne, na kila mmoja una gharama zake.

Wa kwanza ni kubana wiki. Saa zinabaki zilezile, siku zinapungua. Ubelgiji iliruhusu jambo hili kwa sheria mwaka 2022: mfanyakazi anaweza kuomba kumaliza saa zake zote kwa siku nne. Kwetu, ofisi inayofunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri ina saa 40 kwa wiki. Zibane kwenye siku nne, unapata siku za saa kumi, yaani kutoka saa 1:30 hadi saa 11:30 jioni.

Wa pili ni kupunguza saa zenyewe bila kugusa mshahara. Hapa ndipo wengi hutaja Iceland, ambako kati ya 2015 na 2019 wafanyakazi wapatao 2,500 walijaribu kutoka saa 40 hadi 35 au 36. Soma takwimu hizo kwa makini. Hiyo ni pungufu ya saa nne au tano kwa wiki, na kwa wengi haikuwa siku nzima. Jaribio la Uingereza la mwaka 2022 lilikwenda mbali zaidi: kampuni na taasisi 61, wafanyakazi takribani 2,900, mshahara kamili kwa asilimia 80 ya muda, kwa ahadi kwamba kazi itabaki asilimia 100. Miezi sita ilipokwisha, 56 kati ya hizo 61 ziliendelea na mpango. Ni matokeo mazuri, ila kumbuka kwamba waliojiunga walijitolea wenyewe, na wengi wao hawakuwa na darasa lenye wanafunzi 180 linalowangoja saa mbili kamili asubuhi.

Wa tatu ni nusu siku ya Ijumaa. Falme za Kiarabu zilianza utaratibu huo serikalini Januari 2022: Jumatatu hadi Alhamisi siku kamili, Ijumaa mwisho saa sita mchana. Sharjah, mojawapo ya falme hizo, ikaenda hatua zaidi, ikaifanya Ijumaa yote kuwa mapumziko.

Wa nne ni zamu. Idara inabaki wazi siku tano, lakini kila mtu ana siku yake moja ya kutokuwepo. Nusu wanapumzika Jumatatu, nusu Ijumaa.

Maoni yangu niyaseme mapema ili usome ukiyajua: kwa idara nyingi za mji huu, nusu Ijumaa au zamu ndiyo mahali pa kuanzia. Kufunga siku nzima kwa wote ni jambo la mwisho, kwa sababu ndiyo njia inayosukuma kazi nyingi zaidi kwa watu wasio na sauti kwenye kikao.

Andikeni mpango mmoja kwa sentensi moja, muusaini, ndipo muendelee. Idara inayojadili mipango minne kwa pamoja hufika mwisho wa muhula bila kujadili hata mmoja.

Hatua ya 2: Hesabu saa zinazofanyika kweli

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi wanaparuka.

Chagua wiki mbili: moja ya kawaida katikati ya muhula, nyingine ya kusahihisha. Kila mtu wa idara, akiwemo katibu muhtasi na mhudumu wa ofisi, aandike kila siku jioni alitumia saa ngapi kwenye nini. Mafungu yawe machache: kufundisha, kuandaa, kusahihisha, kuonana na wanafunzi, vikao, fomu na ripoti, utafiti, na kazi iliyofanyika nyumbani. Hilo la mwisho lisikosekane. Ukisahau kuliuliza, utapata picha ya watu wanaofanya kazi saa 38, kumbe ni 50.

Chukua kusahihisha peke yake. Mhadhiri ana darasa la wanafunzi 180 na mtihani wa maswali ya kujieleza. Kila daftari la majibu akilipa dakika 15, ambazo si nyingi ukitaka kumtendea haki mwanafunzi, anahitaji dakika 2,700. Hizo ni saa 45, zaidi ya wiki nzima ya ofisi, kwa kozi moja. Na wengi wana kozi tatu. Saa hizo hazimo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Zimo mezani nyumbani, usiku, na Jumapili baada ya ibada. Ukimpa mtu huyu Ijumaa bila kugusa kitu kingine, umempa siku ya kusahihisha. Huenda hiyo nayo ni nafuu kubwa kwake, lakini iitwe kwa jina lake, isitangazwe kuwa mapumziko.

Sasa kaa kwenye kiti cha katibu muhtasi siku ya Ijumaa asubuhi. Kijana wa mwaka wa pili anataka barua ya utambulisho ya mafunzo kwa vitendo, na anayepaswa kusaini yuko darasani. Mzazi ametoka Chalinze kuulizia matokeo ya mwanawe. Mhadhiri wa muda ameleta karatasi zake za madai, amesahau tarehe mbili. Wengine watano wamekaa kwenye benchi la nje, na mtandao umekatika tangu saa tatu. Mwandikie hesabu ya siku hiyo: wangapi walikuja, wangapi walihudumiwa wakaondoka, wangapi waliambiwa "njoo Jumatatu". Namba ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ikiwa tayari ni kubwa mkiwa na siku tano, jua itakavyokuwa mkibaki na nne.

Kwa taasisi za umma kuna urahisi kidogo: watumishi wameshazoea kuingiza majukumu yao kwenye mfumo wa utendaji wa PEPMIS, kwa hiyo kupima kazi si jambo geni. Lakini usiutumie mfumo huo kama daftari lako la saa. Umeundwa kupima utekelezaji wa malengo, na mtu hataandika humo kwamba alikesha akisahihisha.

Hatua ya 3: Jua sheria inakuruhusu nini

Chuo binafsi kinaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, tisa kwa siku, ndani ya siku zisizozidi sita. Kifungu cha 21 ndicho chako: kinaruhusu wiki iliyobanwa kwa makubaliano ya maandishi, na mfanyakazi anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwa ndani yake, bila malipo ya saa za ziada. Mipaka ni siku tano na saa 45 za kawaida kwa wiki.

Fanya hesabu hapo, maana wengi wanakwama. Saa 45 ukizigawa kwa siku nne ni saa 11 na dakika 15. Ongeza saa moja ya chakula, ambayo sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, umefika saa 12 na dakika 15. Umevuka. Chuo chenye wiki ya saa 45 hakiwezi kuzibana zote kwenye siku nne. Lazima kipunguze angalau saa moja kwa wiki. Chenye saa 40 kinaingia: saa kumi za kazi na moja ya chakula ni 11.

Angalia pia mama anayenyonyesha. Sheria inampa hadi saa mbili kwa siku ya kazi kwa ajili ya mtoto. Siku ikirefuka kutoka saa nane hadi kumi, saa zake mbili hazirefuki, na mtoto anakaa muda mrefu zaidi bila mama. Usingoje alalamike. Mpango uwe na kifungu chake tangu mwanzo.

Kwa taasisi ya umma, saa za ofisi si mali ya idara wala ya mkuu wa chuo. Utumishi wa umma una sheria yake na Kanuni za Kudumu, na mabadiliko ya saa rasmi yanatoka juu. Hilo halikufungi mikono kabisa. Ratiba ya vipindi, mpangilio wa vikao na siku ya utafiti bila darasa ni mambo ambayo idara inaweza kuyapanga na menejimenti ikaridhia. Mhadhiri anayepangiwa vipindi siku nne, na siku ya tano ikawa ya utafiti na kusahihisha huku akipatikana kwa simu, amepata sehemu kubwa ya alichokuwa akikitaka bila kanuni hata moja kuvunjwa.

Chama cha wafanyakazi, kiwe THTU, RAAWU au kingine chenye wanachama kwenu, kiingie kwenye mazungumzo kabla hamjaandika waraka. Kikiletewa waraka uliokamilika kitauchambua kama mpinzani.

Hatua ya 4: Ijaribu ratiba kwenye karatasi

Vyuo vikuu chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) vinahesabu krediti moja kuwa saa kumi za kujifunza, pamoja na darasa, semina, mazoezi na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15, ni saa nane kila wiki kwa kozi hiyo moja. Wiki fupi haipunguzi hata saa moja kati ya hizo kwa mwanafunzi. Kinachobadilika ni lini na wapi zinafanyika.

Chora vipindi vya saa mbili. Siku ya kawaida, saa 1:30 hadi 9:30, ina vipindi vinne kwa chumba, kwa hiyo 20 kwa wiki. Siku nne ndefu hadi saa 11:30 zina vipindi vitano kila siku, nazo ni 20. Kwenye karatasi zimelingana. Darasani sivyo: kipindi cha saa 9:30 hadi 11:30 jioni, joto la pwani likiwa bado kwenye bati, mwanafunzi ameshakaa vipindi vinne, hakilingani na kipindi cha asubuhi. Ukipunguza saa badala ya kubana, una vipindi 16 na umepoteza vinne kwa kila chumba. Idara yenye vyumba vitatu imepoteza 12. Viende wapi?

Kuna onyo kutoka Marekani, ambako mamia ya wilaya za shule zina wiki ya siku nne. Utafiti kwenye shule za Oregon ulikuta alama za hesabu na kusoma zikishuka, na sababu kubwa ilikuwa saa za kufundishwa zilizopotea. Hao ni watoto na sisi tuna watu wazima, lakini saa iliyopotea ni saa iliyopotea.

Kazi ya vitendo iangaliwe peke yake. Pale Mbegani, mafunzo ya uvuvi yanafuata kupwa na kujaa kwa maji, wala bahari haijui Ijumaa. TaSUBa wanafundisha ngoma, muziki na maigizo, na mwili wa mcheza ngoma hauwezi kufanyishwa mazoezi ya siku tano ndani ya nne bila kuumia. Kwao siku ndefu inaweza kuwa mbaya kuliko siku nyingi. ADEM, inayowanoa viongozi wa elimu, inapokea watu wazima wenye kazi na familia mikoani, ambao pengine wangefurahia vipindi vilivyokusanywa. Mji mmoja, majibu matatu. Ndiyo maana napendekeza idara iamue kwa kazi yake yenyewe, isiige jirani.

Halafu kalenda. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka tayari zimo. Sikukuu ikiangukia Jumatano, wiki ya siku nne inabaki tatu. Andikeni mapema kama siku hiyo italipwa kwa Ijumaa au la. Na Ramadhani, ambayo hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka, haiendani na siku ya saa kumi. Aliyefunga akitoka ofisini saa 11:30 jioni, na nyumba yake iko Kerege au Mapinga, atafuturu barabarani. Kwa mwezi huo rudini kwenye saa za kawaida. Hili lisiwe la kujadiliwa kila mwaka, liwe kwenye waraka.

Hatua ya 5: Sikiliza wasioalikwa kwenye kikao

Waite mmoja mmoja au wawili wawili, bila wahadhiri kuwepo. Katibu muhtasi hatasema mbele ya daktari wa falsafa kwamba Alhamisi jioni ndiyo itakuwa siku yake ya mateso.

Fundi wa maabara na mtunza stoo: nani atafungua Ijumaa mwanafunzi akitaka vifaa vya mradi wake? Mlinzi na mhudumu wa usafi, ambao mara nyingi ni wa kampuni ya nje: je, mkataba wao unalipa kwa siku? Ukifunga siku moja unaweza kumkata mtu sehemu ya tano ya kipato chake bila kujua. Mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa yumo kwenye hatari hiyohiyo, tena yeye hutoka Dar es Salaam kwa nauli yake. Ukimbana vipindi vyake kwenye siku moja umemsaidia, ukivifuta umemuumiza. Mama lishe nje ya geti naye anastahili kuambiwa wiki kadhaa kabla, maana anapika kwa hesabu ya vichwa.

Wanafunzi waulizwe kwa dodoso fupi na kwa mazungumzo. Waliopanga Magomeni au Dunda, hapahapa mjini Bagamoyo, wanatembea, siku moja zaidi si kitu kwao. Wanaosafiri kila siku wataokoa nauli. Wengine wana vibarua mwisho wa wiki na Ijumaa tupu ni pesa ya ada. Wengine intaneti yao ni ya chuo tu, na geti likifungwa hawana pa kusomea. Wote wana haki.

Lipo pia suala ambalo watu hulikwepa. Siku ikipatikana, baadhi ya wahadhiri wataitumia kufundisha chuo kingine Dar. Siwahukumu, maisha yamepanda. Lakini lengo likiwa mapumziko na utafiti, halafu siku ikaenda kwa mwajiri wa pili, idara imelipia kitu ambacho haikukipata. Liwekwe mezani waziwazi: kazi ya nje itolewe taarifa na kuruhusiwa kwa utaratibu wa chuo, kama ilivyo sasa, na siku ya utafiti ipimwe kwa utafiti.

Hatua ya 6: Punguza kazi kwanza

Taasisi zilizofanikiwa kule Iceland na Uingereza hazikuanza kwa kufunga milango. Zilianza kwa kufupisha vikao na kuondoa kazi zisizo na mwenyewe. Fanyeni hivyo muhula mzima kabla ya jaribio.

Kikao cha idara kiwe na dondoo zilizotumwa siku mbili kabla, na kisizidi saa moja. Taarifa zisizohitaji uamuzi ziende kwa maandishi. Barua ya utambulisho iwe na kiolezo kimoja na watu wawili wenye mamlaka ya kusaini, siyo mmoja. Fomu zinazofanana ziunganishwe. Maswali ya mtihani yaandaliwe na wahadhiri wawili, na kusahihisha kugawanywe kwa swali, mmoja akishika swali la kwanza kwa wote: ni haraka zaidi, na alama zinakuwa za haki zaidi.

Mkipata saa nne kwa kila mtu kwa njia hii, nusu Ijumaa imeshajilipia. Msipozipata, hamna cha kutoa bado, na jaribio lisianze.

Hatua ya 7: Jaribio la muhula mmoja

Msichague muhula wa kwanza wa mwaka, wakati wa usajili. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza ziandikwe, pamoja na kipengele kwamba bila uamuzi mpya utaratibu wa zamani unarudi wenyewe.

Pimeni vitu vichache mlivyokwisha kuvipima kwenye muhula uliotangulia: siku kati ya mtihani na matokeo kutoka, siku za kusubiri hati ofisini, mahudhurio ya kipindi cha mwisho cha siku, waliopata sapu kwa kila kozi, siku za ugonjwa, saa za kazi nyumbani. Anayepima asiwe mkuu wa idara. Mratibu wa taaluma wa idara nyingine anafaa.

Wekeni pia vigezo vya kusimamisha kabla ya muhula kwisha. Kwa mfano, matokeo yakichelewa kwa zaidi ya wiki moja kuliko muhula uliopita, au katibu muhtasi akilazimika kuja siku yake ya mapumziko wiki mbili mfululizo, jaribio linasimama. Hicho cha pili nakishikilia kuliko vyote.

Siku ya mapumziko iwe na mtu wa zamu mmoja, mhadhiri, mwenye simu ya idara na ruhusa ya kusaini. Wahadhiri wapokezane zamu hiyo, wote, pamoja na maprofesa. Asipewe katibu muhtasi kwa sababu "yeye anakaa karibu".

Hatua ya 8: Uamuzi

Jimbo la Utah, Marekani, liliwapeleka wafanyakazi wengi wa serikali kwenye siku nne za saa kumi mwaka 2008, likaacha mwaka 2011. Akiba iliyotarajiwa haikufikiwa, na wananchi walilalamika kukuta ofisi zimefungwa Ijumaa. Kwa hiyo taarifa yenu kwa menejimenti ianze na aliyekuja akakuta mlango umefungwa, ndipo ije furaha ya wafanyakazi.

Iwe ya kurasa tatu: vipimo vya kabla na baada vikiwa jedwali moja, maoni ya wasio wahadhiri kwa maneno yao bila kuhaririwa na idara, na pendekezo moja kati ya matatu: kuendelea, kurekebisha na kurudia, au kuacha. Anayependekeza kuendelea aeleze saa zilizopunguzwa zilitoka wapi. Anayependekeza kuacha aorodheshe yale ya hatua ya sita yatakayobaki, maana vikao vifupi na barua yenye wasaini wawili havihitaji Ijumaa ifungwe. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa wanafunzi siku hiyohiyo inapopelekwa juu.